Msaragambo wa Dada Rogathe

Baba Mchungaji, ndugu waombolezaji, mimi ni Eliufoo, mdogo wake marehemu, ukoo umenituma nimsimulie dada yetu, na mkinisikia mkali mnivumilie, maana hata yeye alikuwa hivi hivi.

Dada Rogathe alizaliwa Myamba tarehe 14 Agosti 1968, wa kwanza kati ya watoto sita, akahitimu darasa la saba hapo hapo Myamba mwaka 1983, akawapikia wakata mkonge huko tambarare, na tarehe 6 Oktoba 1990 akafunga ndoa na shemeji Melkizedeki wa hapa Mhezi, wakajaliwa watoto wawili, Priska na Majaliwa.

Mwaka 1994 aliajiriwa katika kituo cha watu wenye ulemavu hapa kijijini, kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza wasioweza kujigeuza ili wasipate vidonda, na wapo waliomcheka kwamba ni yaya wa watu wazima, akawaacha wacheke.

Corona ilipoingia mwaka 2020 wenzake waliondoka mmoja mmoja, wengine kwa hofu, wengine kwa kuugua, na kila alipowaomba wenye kituo watu wa kuziba pengo aliambiwa avute subira, hadi akachoka kuivuta, akapigisha baragumu la msaragambo, la kuwaita wanakijiji kwenye kazi ya pamoja, watu wakaja na majembe mabegani wakidhani mfereji umebomoka, naye akawaambia wayaegemeze ukutani, wanawe mikono, wavae barakoa, waingie kuogesha watu. Mzee mmoja, simtaji, anajijua, alifoka kwamba tangu enzi za mababu msaragambo ni wa mifereji na barabara, dada akamwamkia shikamoo, kisha akamwambia kwamba aliyebeba mawe ya mfereji hatashindwa kumbeba Nicolaus, mmoja wa wale wa kituoni wasioweza kutembea, na mzee akambeba, na mpaka leo ndiye anayemnyoa ndevu.

Hata hivyo usiku dada alibaki kituoni peke yake. Mwezi Januari mwaka huu wa 2021 alianza kukohoa, tarehe 2 Februari akalazwa Same mjini, na tarehe 9 akafariki akihangaika kupumua. Nimeshauriwa niseme siku zake zilifika, nami nasema zilimkuta amechoka, kwa sababu alifanya kazi ya watu watano, na hilo linatuuma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, tunawashukuru majirani, na wafanyakazi wenzake, hata walioondoka, hatuna kinyongo nao. Ila kwa wenye kituo waliotuletea salamu asubuhi hii kwamba kwa kukosa mtumishi kitafungwa na watu warudishwe makwao, ilhali wengine hawana kwao kwingine, jibu la ukoo ni kwamba hakifungwi. Priska ameacha kazi yake Makanya na anaingia zamu leo tukitoka makaburini, usiku ni wangu, na zamu zilizobaki tunagawana kabla chakula hakijapakuliwa, asiyetaka ale, aende zake salama.

Dada Rogathe, pumzika kwa amani, sisi tunakwenda kazini.