Gerlinde Sobotta, Aliyeliitikia Jina la Darnell Peke Yake

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wa Jukwaa C la uwanjani mliokuja na skafu zenu: huyu tunayemsindikiza leo, Ijumaa tarehe 26 Aprili 2024, ni Gerlinde Sobotta. Maisha yake yameandikwa na mwanawe Jochen, naye ndiye anayeyasoma. Mumwie radhi akisoma kama anayetangaza ratiba ya treni. Tangu Alhamisi ile amekufa ganzi, na hajui itamwachia lini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 hapa hapa Altenhardt, mtoto wa tatu wa mchimba makaa Alfons Kubiak na mkewe Hedwig. Ulikuwa mwaka wa njaa, vita vimeisha juzi tu. Alikuwa na kilo mbili kasoro. Mkunga alimgeuza huku na huku, akamwambia mamake, "Jina zuri msimpe huyu, litapotea bure." Marehemu alipenda kukihadithia kisa hicho, na kila mara alimalizia kwamba mkunga huyo alizikwa mwaka 1971 na yeye alikuwepo, akala keki.

Alisoma shule ya parokia kuanzia mwaka 1953 hadi 1961. Hesabu zilimwingia. Kuimba alikupenda mno, ila sauti yake ilikuwa ya kufukuzia kunguru, hata mtawa aliyefundisha kwaya akamwambia, "Gerlinde mwanangu, wewe fungua mdomo tu, sauti bakiza." Akaibakiza. Waliosimama karibu naye uwanjani wanajua aliitumia wapi.

Alifanya kazi katika duka la mikate kwa miaka kumi na sita. Kisha, kuanzia tarehe 1 Februari 1978 hadi 30 Juni 2012, alifua jezi za klabu yetu ya mpira, Altenhardt 1911. Makocha ishirini na watatu walikuja wakaenda, yeye yupo na mashine zake. Alikuwa akisema jezi haijui kusema uongo: aliyekimbia na aliyesimama kutwa, wote aliwajua kwa matope. Mwaka mmoja mshambuliaji fulani alilalamika magazetini kwamba hapewi mipira. Marehemu alimletea jezi yake mbele ya wenzake, nyeupe pe, akamwambia, "Hii sikuifua, baba. Haikuwa na haja."

Alifunga ndoa na Manfred Sobotta, dereva wa winchi, Jumamosi tarehe 10 Mei 1969, saa nne asubuhi. Saa tisa alasiri bwana na bibi harusi walikuwa Jukwaa C, nguzo ya pili, yeye na gauni lake na mabuti ya mvua. Tulifungwa mbili bila. Walijaliwa watoto wawili, Birgit na Jochen. Manfred alifariki kwa mapafu tarehe 3 Novemba 2004, na marehemu akaendelea kusimama pale pale nguzo ya pili, pengo la mumewe akamwachia Jochen.

Mwezi Agosti 2022 klabu iliomba familia za kuwapangisha vijana wapya. Marehemu alitoa chumba cha juu. Ndimo alimoingia Darnell, Mmarekani wa Toledo, Ohio, umri miaka kumi na tisa, masanduku mawili na viatu vya mpira vimening'inia shingoni. Chumba hicho kilikuwa cha Jochen. Jochen ana miaka hamsini na moja na nyumba yake mwenyewe, lakini aseme ukweli mbele ya jeneza: kilimuuma.

Kila Jumatatu marehemu alikata gazetini alama walizopewa wachezaji, akamtumia mama Darnell kule Ohio. Kama mjuavyo, kwetu moja ndiyo bora na sita ndiyo aibu. Mama wa watu hakujua. Mwanawe akipewa tano, simu inalia jikoni, mama anashangilia, "Tano! Bwana asifiwe!" Alipopewa tano na nusu alichinja bata mzinga. Darnell alitaka kumweleza. Marehemu akamkataza: "Weee! Mwache mama afurahi. Kwani furaha ya mtu inakuwasha nini?" Basi ndivyo maendeleo ya Darnell yalivyofuatiliwa: Ohio anapaa, Altenhardt anazama.

Na sisi tulizama naye. Tarehe 27 Mei 2023, dakika ya themanini na nane, alikosa penalti, tukashuka daraja la nne. Yaliyofuata nyinyi wa Jukwaa C mnayajua, maana mlikuwepo, na Jochen alikuwepo. Tangu babu zetu mtangazaji hutaja jina la kwanza la mchezaji, na uwanja mzima huitikia la ukoo. Msimu mpya ulipoanza, mtangazaji alisema "Darnell!" na uwanja ukanyamaza. Watu elfu nne, kimya. Mmoja nyuma akasema, "Arudi kwao, kwao mpira hushikwa kwa mkono!" Wengine wakacheka. Katikati ya kicheko hicho ikatoka sauti ile ya kunguru, peke yake: "WHITLOCK!"

Jochen alimwambia, "Mama, unatuaibisha."

Akamjibu, "Mwenye aibu ni nani hapa? Mtoto wa mtu ameitwa, hakuna wa kuitika. We Jochen, mdomo wako unao."

Jochen hakuufungua. Mechi kumi na moja za nyumbani aliitikia mama huyu peke yake, na mwanawe kando yake kafunga zipu ya koti hadi puani.

Mwezi Januari mwaka huu daktari alisema moyo umechoka na maji yamejaa miguuni. Alilazwa tarehe 2 Machi. Hakulalamika, ila supu ya hospitali aliisema sana. Alichotaka ni kimoja, na alikisema kwa kila aliyeingia: asikie uwanja unamwitikia yule kijana kabla hajafa. Darnell alikuja kila siku baada ya mazoezi, akamkata kucha, akamsomea gazeti kwa Kijerumani chake cha kujikwaa. Alimwita Bibi.

Jumamosi tarehe 13 Aprili marehemu alimwambia Jochen, "Ukifika uwanjani nipigie, simu uiache wazi. Uiweke mfukoni, mimi nitasikiliza." Jochen aliiweka mfuko wa kifuani. Darnell alifunga bao dakika ya ishirini na mbili, na lingine dakika ya sabini. Bao la pili, mtangazaji alipoita "Darnell!", watu walianza kuitikia. Kwanza wa upande wenye saa kubwa ya uwanja, kisha Jukwaa C, mwishowe karibu wote. Ilikuwa kelele kubwa. Jochen alisimama nguzo ya pili, simu kifuani, mdomo umefungwa. Hajui kwa nini. Tangu siku hiyo anatafuta ubishi wake ule ulikuwa na maana gani, haioni.

Alipofika wodini, mama alikuwa amekaa kitako, uso umechangamka. Akasema, "Nimewasikia wengi, mwanangu." Halafu akasema, "Wewe sikukusikia."

Jochen akasema koo lilikuwa linauma.

"Haya," akasema. "Kunywa maji ya asali."

Jumatatu Darnell alipewa alama mbili. Simu kutoka Ohio ililia kitandani, mama Darnell analia kwa hofu: "Mwanangu ana nini? Kashuka hadi mbili!" Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja. Ndipo akamweleza kila kitu, Darnell akitafsiri, na kina mama hao wawili wakacheka pamoja, kila mmoja na lugha yake. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho tulichokisikia.

Alifariki Alhamisi tarehe 18 Aprili 2024, saa kumi na moja alfajiri. Birgit alikuwa amemshika mkono. Jochen alikuwa anatafuta pa kuegesha gari.

Marehemu ameacha binti, Birgit, na mkwewe Holger, mwana, Jochen, wajukuu watatu, Svenja, Lukas na Malte, dada mmoja, Irmgard, na mpangaji wake wa chumba cha juu, aliyeketi pale safu ya tatu na koti la kuazima, Darnell.

Hapa Jochen ataweka karatasi chini, avute pumzi, aseme kwa sauti yake yote, hata kama padri atashtuka: WHITLOCK!

Umesikia, Mama? Basi pumzika kwa amani.