Pembea ya Kiwanjani

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimepamba moto, lakini pale Bungu kahawa ilikuwa bado inanyweka. Kijiwe chenyewe ni gogo la mnazi, kando ya kiwanja cha ngoma, ambako watu walikutana kwa mieleka, harusi na Idi. Asubuhi hiyo askari wa Mdachi walisimika humo nguzo mbili na boriti juu yake, wakaondoka bila neno. Mshamu, ambaye hapo kijiweni huitwa Baba Njuga, aliketi na njuga za mwanawe mapajani. Mwana huyo, Salumu, mchezaji hodari kuliko wote kiwanjani, alikuwa amekamatwa na kibuyu cha maji ya dawa. Baba alipokwenda kumwombea aliambiwa tu: kesho njoo kiwanjani, utamwona. Maneno hayo alikuwa akiyatafuna tangu jana, na hayakumezeka.

— Ule mlango, alisema Shaabani, aitwaye Hakika kwa kuwa hajapata kusema sijui. Hakika Mdachi anajenga nyumba.

— Nyumba gani inaanza na mlango, somo? aliuliza Khamisi Tangawizi, mwenye birika. Mizani ile. Watapimia pamba.

— Pamba yenyewe si tumeing'oa! alisema Shaabani.

— Punguza sauti wewe! Basi watatupima sisi. Aliyekonda anasamehewa kodi.

— Hakika ungesamehewa wewe na wajukuu zako.

Wakacheka kidogo. Mshamu hakucheka.

— Ni pembea, alisema. Wanataka kutupoza. Wanawaachia vijana, wacheze, watu wasahau vita.

Wenzake walitazamana. Walimwonea huruma.

— Pembea, Baba Njuga, hakika, alisema Shaabani. Na Mdachi mwenyewe atapanda, tumsukume mpaka Kiongoroni.

— Avuke mto bila mtumbwi, akaongeza Khamisi, akimjazia Mshamu kikombe ambacho hakikuwa kimepungua.

Hapo akatokea mtu na kamba begani.

— Salamu alekumu, wazee wangu. Mimi Mwinyimvua, msokota kamba wa Kiongoroni. Askari wameniagiza kamba za boriti ile.

— Za pembea! alidakia Mshamu, akiwageukia wenzake. Sikuwaambia?

Mgeni aliishusha kamba, akaigeuzageuza mikononi.

— Wametaka kila moja niifunge kitanzi. Pembea ya kwenu, mzee wangu, mtu hukaa wapi?

Khamisi aliinamia makaa.

— Sijui, alisema Shaabani.

Mshamu alisimama ghafla. Njuga zikamponyoka mapajani, zikalia.