Historia ya Marehemu Perpetua Nanyonga, Kama Alivyoisimulia Kottakkal

Baba Paroko, Bibi Masouda na wanao, ndugu wa Uganda, Kenya na Tanzania, majirani wa Al Khoudh, nyote mliofika leo Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025 kumuaga dada yetu kabla jeneza halijapelekwa uwanja wa ndege, familia inawasalimu, na imeona historia hii isomwe kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha pekee ambayo kila aliyekaa humu anaielewa, hata kama kila mmoja wetu anaivunja kwa namna yake. Anayewasomea ni mdogo wa marehemu, Nsubuga, mlinzi wa ofisi huko Qurum.

Tangu Jumanne watu watatu wamekuja kutuomba, kwa upole na kwa vikapu vya tende, tuseme kwamba marehemu aliteleza ngazini. Familia imekataa. Marehemu alipigwa mpaka akafa, aliyempiga yuko mahabusu, na kesi yake inasimama kwa ushahidi wa binti mmoja tu, ambaye tutamtaja, na akinyamaza huyo basi hakuna kesi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe ndicho hiki, hatuna tena cha kuficha.

Msishangae kwamba tarehe zetu zimekamilika, maana kwetu hatukuwa watu wa kuandika. Tumezitoa katika jalada la matibabu kutoka Kottakkal, mji mdogo wa Kerala, kusini mwa India, ambao watu wa Maskati wanaujua vizuri, kwani kila ukoo una mzee aliyekwenda huko kukandwa magoti kwa mafuta ya mitishamba. Marehemu aliishi miaka thelathini na sita akipigwa na watu mbalimbali, na daktari wa huko ndiye mtu wa kwanza aliyemuuliza alipigwa wapi, lini, na kwa kitu gani.

Perpetua Nanyonga alizaliwa tarehe 14 Septemba 1988, nje kidogo ya Lukaya, Masaka ya wakati ule, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Lawrence na Mama Restituta, ambaye yuko hai na kesho asubuhi atakuwa Entebbe kumpokea mwanawe. Alianza shule ya msingi Februari 1995, akawa hodari wa hesabu na mwepesi wa ulimi, na ulimi huo ndio uliomponza tarehe 9 Juni 2000, alipomwambia mwalimu mbele ya darasa kwamba jibu la ubaoni si sahihi, mwalimu akamchapa kwa mgongo wa rula ya chuma mpaka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikavunjika. Kidole hicho hakikukunjika tena, na jibu la ubaoni kweli halikuwa sahihi. Alifika kidato cha pili mwaka 2004, baba akafariki, masomo yakaishia hapo, akaenda kuuza nyanya katika soko la Nyendo, ambako mwaka 2006 mgambo walimkanyaga kifundo cha mguu wakati wa kuvunja vibanda.

Tarehe 18 Agosti 2007 aliolewa kimila na Bwana Kiggundu, dereva wa bodaboda, wakajaliwa watoto wawili, Nalule mwaka 2009 na Lubega mwaka 2012. Bwana Kiggundu ametutumia ujumbe kwa simu akiomba isemwe kwamba waliishi kwa mapenzi. Tunasema yaliyomo katika jalada, kwamba mbavu mbili zilivunjika Aprili 2010 kwa teke, na tarehe 26 Desemba 2012, siku ya pili ya Krismasi, mtoto akiwa na miezi mitatu mgongoni, alivunjwa mtulinga kwa mguu wa kiti. Siku hiyo marehemu alimweka mtoto kitandani, akachukua mchi wa kinu, akamng'oa mumewe meno mawili ya mbele, kisha akarudi kwa mama yake na watoto wake. Familia haijawahi kuomba radhi kwa meno yale na haitaomba leo.

Alifika Maskati tarehe 3 Machi 2016 kufanya kazi za ndani katika nyumba moja ya Mabela, ambayo jina la mwenyewe tunamwachia mwendesha mashtaka. Alikaa humo miezi kumi na minne. Mwenye nyumba alikuwa akipiga kwa kitu chochote kilichokuwa karibu, kifuniko cha sufuria, waya wa pasi, mpira wa maji, na mke wake alikuwa akifunga madirisha ili majirani wasisikie, na tarehe 11 Mei 2017, kwa sababu ya shati lililoungua, mwenye nyumba alimpindua marehemu mkono wa kulia nyuma ya mgongo mpaka bega likachomoka. Alilirudisha mwenyewe, kwa kujigonga kwenye fremu ya mlango, na tangu siku hiyo mkono ule haukupanda juu ya kifua. Siku kumi baadaye alitoka kwa miguu juani mpaka barabara kuu, akasimamisha gari la Bwana Sleyum, mwalimu wa chuo kikuu, ambaye alimsemesha kwa Kiarabu, akajibiwa kwa Kiswahili ambacho marehemu alifundishwa na wafanyakazi wenzake Wakenya, akamchukua moja kwa moja mpaka Al Khoudh kwa mama yake, Bibi Masouda, mzaliwa wa Unguja. Bibi alihangaika maofisini miezi miwili mpaka kibali cha kazi kikahamia kwake, na tangu hapo walikuwa hawaachani, wakigombana kila siku juu ya chumvi ya mchuzi na Kiswahili cha marehemu, ambacho Bibi alisema kinakwaruza masikio.

Tarehe 6 Julai mwaka huu wawili hao walisafiri Kottakkal kwa ajili ya magoti ya Bibi. Daktari alimtazama marehemu akimwinua Bibi kwa mkono mmoja wa kushoto, akauliza huyu naye ana nini, na Bibi Masouda, mnamjua, akajibu, "Mie nna magoti tu, huyu hana pahala pazima, mwanzeni yeye!" Daktari hakukubali kuanza bila tarehe. Mkandaji wake, Mama Devaki, aliyewahi kufanya kazi za ndani Salala miaka tisa, alikuwa akimpapasa kwa vidole, akisimama kila penye mfupa ulioungwa vibaya, akiuliza kwa Kiarabu cha jikoni wanachokijua wao wawili, na marehemu akijibu, na daktari akiandika. Ziliandikwa sehemu kumi na moja. Bibi anasema kila tarehe ilipotajwa Mama Devaki alikuwa akiacha kukanda, anafuta macho kwa kiwiko, kisha anaendelea. Kwa siku kumi na nne, tangu tarehe 15 Julai, marehemu alilazwa juu ya kitanda cha mbao chenye kingo, akamiminiwa mafuta ya uvuguvugu, akakandwa kwa vifurushi vya mchele uliopikwa kwa maziwa na mizizi, akanywa dawa chungu kuliko shubiri, na tarehe 28 Julai alinyoosha mkono wa kulia mpaka juu ya kichwa, akampigia simu mama yake kwa video kumwonyesha mkono tu.

Huko wana sharti, kwamba mgonjwa akishakandwa siku kumi na nne lazima akae siku nyingine kumi na nne, bila kazi nzito, bila jua, bila hasira, ndipo dawa ishike. Alirudi Maskati tarehe 2 Agosti akiwa ndani ya siku hizo, na Bibi akawa ndiye anayempikia uji.

Alhamisi tarehe 7 Agosti, saa nane mchana, alipigiwa simu na Joweria, binti wa miaka ishirini na miwili kutoka Iganga, aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ile ile ya Mabela, na namba alipewa na wasichana wenzake. Joweria alikuwa amejifungia chumba cha kufulia, na mlango ulikuwa unapigwa mateke. Bibi alimzuia kwa kumshika kanga, akimwambia, "Una siku nne bado, hukwambiwa usighadhibike?" Marehemu akajibu, "Bibi, nilikandwa ili nipone, na mimi nimepona." Bibi akampigia Sleyum, Sleyum akawapigia polisi, lakini teksi ya marehemu iliwatangulia.

Alikuta mlango wa kufulia umeshavunjwa, na mwenye nyumba anampiga Joweria kwa bomba la chuma la pazia. Marehemu alichukua pasi iliyokuwa mezani, akampiga nayo begani, kwa mkono wa kulia, mara tatu, mpaka bomba likamdondoka. Alimvuta Joweria kwa kifundo cha mkono kuelekea uani, na hapo getini mtu yule aliwafikia, bomba mkononi tena, akampiga marehemu kisogoni mara mbili. Hakuanguka. Alimburuta binti yule mpaka duka la kona, na mwenye duka akateremsha shata na kuwafungia ndani. Alikaa juu ya gunia la mchele, akaomba maji, akamwuliza Joweria kama meno yake yote yapo, akafumba macho. Damu ilikuwa imevujia kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji usiku ule, akalala siku kumi na mbili bila kuzinduka, na Jumanne tarehe 19 Agosti 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Bibi Masouda akiwa amemshika mkono, alifariki. Tuna uchungu, na tuna hasira, na wala hatuoni haya kuyasema yote mawili kanisani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Maskati waliomhangaikia, Mama Devaki na daktari wake wa Kottakkal, mwenye duka la kona ya Mabela, akina dada waliochanga, waliopika na waliokesha, na Bwana Sleyum kwa kila siku tangu ile ya barabarani. Bibi Masouda, kwako hatuna maneno.

La mwisho ni hili. Juzi Joweria aliletewa tiketi ya ndege ya usiku wa leo, hii hii itakayombeba marehemu, akaambiwa arudi kwao akapumzike, yaishe. Joweria, simama mwanangu, wakuone. Amekataa. Tiketi tumeirudisha ilikotoka, na Jumapili, ofisi za huku zinapofunguliwa, saa mbili asubuhi atakuwa mbele ya mwendesha mashtaka pamoja na Bibi na Nsubuga, na anayetaka kutusindikiza aje.

Perpetua, dada yetu, Mungu akulaze pasipo na mkono wa mtu juu yako. Wewe nenda nyumbani, binti huyu anabaki.