Keti Kwanza: Fundi Viti Aliyetaka Kujua Watu Hukaaje

Ndugu, jamaa, majirani na wateja, maana hapa leo wateja ni wengi kuliko ndugu. Marehemu tunayemsindikiza analo jina lake la kwenye cheti, lakini likitajwa hapa nusu yenu mtadhani mmekosea msiba. Kwa hiyo aitwe mlivyomwita wenyewe, Keti Kwanza. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa kike, ambaye ndiye anayeusoma. Atakayeona umetiwa chumvi aje aseme baada ya mazishi, si sasa.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Aprili 1957, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mwashi na mkewe. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na kiti kimoja tu, cha baba. Wengine wote walikuwa watu wa mkeka. Kila jioni baba alirudi kazini, akakikalia kiti chake, na kabla chai haijapoa alikuwa anakoroma. Marehemu, akiwa na miaka tisa hivi, alishikwa na hamu ya kujua kwa nini kiti kile kinamlaza baba peke yake. Baba alipotoka alikikalia, akakipindua, akakipima kwa kamba, mpaka akagundua kwamba miguu ya nyuma ilikuwa imelika na kuwa mifupi kuliko ya mbele. Akaipachika vipande vya mti, kiti kikasimama sawasawa.

Jioni ile baba alikaa macho makavu, na kesho yake vilevile. Siku ya tatu akauliza kwa ule upole wake wa kutisha, "Nani amekichezea kiti changu?" Vipande vikang'olewa, baba akalala, na mtafiti wetu akachapwa viboko viwili. Hata hivyo alisema mpaka uzeeni kwamba hakuna mwalimu aliyemfunza zaidi ya kiti kile. Kilema chake ndicho kilichokuwa raha ya baba.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1965 na kuimaliza 1971. Ripoti zake zote ziliimba wimbo mmoja, kwamba anatazama sana na anasikiliza kidogo. Akiwa darasa la nne alimwuliza mwalimu wa hesabu kwa nini madawati yote ni ya kimo kimoja ilhali watoto si wa kimo kimoja. Mwalimu akamjibu, "Hapa ni shule, si duka la viatu." Darasa zima lilicheka, naye akacheka nao, kisha akauliza tena. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hao hawakuwahi kulala chumba kimoja na kaka yetu.

Mwaka 1972 alianza kujifunza useremala kwa fundi mmoja nyuma ya kituo cha mafuta. Huko alijifunza randa, patasi, gundi na subira, ingawa hiyo ya mwisho ilimwingia kwa upande wa mbao tu. Huko pia alikutana na fundi mwenzake, mnayemfahamu kwa jina la Msasa kwa sababu ya sauti yake, na hawakuachana tena katika kazi mpaka wiki hii.

Mke alimpata kwenye chumba cha washonaji wa sare za shule, alikoitwa kukaza stuli za cherehani. Zote zilikuwa zimelegea isipokuwa moja, iliyokuwa nzima kama imetoka dukani. Mtu mwingine angeshukuru Mungu kwa kupunguziwa kazi. Yeye akauliza ni ya nani, akaonyeshwa binti aliyekuwa anakata kitambaa amesimama.

"Dada, wewe hukai?"

"Nikikaa, kazi hii ataimaliza nani?"

Alirudi nyumbani akiwaza, na familia ikajua maji yamezidi unga. Siku ya posa alikaribishwa kiti ukweni. Kabla ya kukikalia, mbele ya baba mkwe na wajomba wote, alikipindua miguu juu akatazama maungio yake. Baba mkwe akamgeukia mshenga. "Huyu amekuja kuoa au kukagua?" Mshenga naye, bila kupepesa jicho, akajibu, "Mzee, ndivyo atakavyomwangalia binti." Ndoa ilifungwa tarehe 6 Agosti 1983.

Duka lao lilifunguliwa mwaka 1986, chumba kimoja chenye mlango wa barabarani na nyumba yao nyuma yake. Kulia vilikaa viti, kushoto mapazia, mito na foronya. Katikati palipita mstari wa chaki, kwa sababu vumbi la mbao na kitambaa cheupe havipikiki chungu kimoja.

"Fundi, vumbi lako limevuka mpaka."

"Si langu, Mama. Hilo lina miguu yake."

Ndivyo walivyoamka na ndivyo walivyofunga duka kwa miaka thelathini na saba, na kama kuna mtu aliwahi kuwasikia wakigombana kwa jambo zito zaidi ya vumbi, basi huyo alikuwa anasikiliza ukuta wa jirani.

Kazi waligawana, ila kuna kazi moja marehemu aliiharibu kila mara. Mkewe akimtuma nyumbani kwa mteja kupima madirisha, alirudi na habari zote isipokuwa vipimo. "Dirisha lina upana gani?" mkewe aliuliza, penseli mkononi. Naye alijibu, "Yule bibi anakalia upande mmoja wa kochi, ule mwingine haujaguswa kabisa. Hivi alikuwa akikaa nani pale?" Mkewe akavaa viatu, akaenda kupima mwenyewe.

Jina la Keti Kwanza mnajua lilikotoka. Hakuna aliyenunua kiti pale bila kukikalia, na si kukikalia kwa heshima kama uko ofisini kwa mkubwa. Ukae kama kwako. Kisha marehemu alichuchumaa pembeni akakutazama na kukuuliza maswali. Mkono huu huwa unauweka wapi? Ukisinzia, kichwa kinaangukia wapi? Kuna mwalimu mmoja, na leo yupo hapa, alikuja akitaka kochi la chini kabisa la kisasa. Marehemu alimkalisha na kumwinua mara tatu, akamwuliza mama yake mzazi akija kumtembelea atainuliwa na winchi gani. Mwalimu alitoka kwa hasira. Mkewe akamfuata mpaka barabarani, akamrudisha kwa maneno matamu, na kochi lililouzwa siku ile lilikuwa la kimo cha wazee. "Wewe unafukuza, mimi narudisha," mkewe alikuwa akimwambia. "Siku nikichoka kurudisha, tutakula misumari."

Sasa tufike kwenye jambo lililomkosesha kaka yetu raha kwa miaka yote hiyo. Alijua wanavyokaa madereva, wauguzi, mahakimu na watoto watundu. Mtu mmoja tu hakumjua, na huyo alilala naye kitanda kimoja. Mke wake hakai. Dukani alisimama kwenye meza ya kukatia, nyumbani alisimama jikoni, wageni wakija alisimama kuhakikisha wamepata. Akikaa sana, alikalia ukingo wa kitanda kama mtu anayengoja jina lake liitwe, na kabla hujamtazama vizuri ameshainuka. Mganga hajigangi, ni kweli, lakini marehemu jambo hili lilimuuma. Alitaka kumtengenezea kiti chake, na hakuweza kumtengenezea kiti mtu ambaye hajamwona ameketi.

Alibahatisha. Kiti cha kwanza alikifanya chenye kina na egemeo refu, akakiweka upande wa mapazia. Kabla ya saa sita mkewe alikuwa amekiuza kwa muuguzi. Cha pili kilikuwa na mikono mipana, kikaenda na dereva wa lori. Cha tatu alitangaza kabisa kwamba hakiuzwi. Akatoka kwenda kununua gundi, akarudi, kiti hakipo.

"Mama, kile kilikuwa chako."

"Kama kilikuwa changu, si nina haki ya kukiuza?"

"Lakini wewe unakaaje?"

"Nakaa vizuri, nikikaa."

Siku moja tu alimjibu bila mzaha. Mama yake alifariki yeye angali msichana mdogo, akamwachia wadogo wanne. Akamwambia mumewe, "Mimi nikikaa, Fundi, naona kama kuna kitu kinaungua jikoni." Marehemu hakuuliza zaidi siku hiyo, na kwa mtu wa maswali kama yeye, mjue maneno yale yalimwingia.

Mwezi wa Novemba mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kumkata akipiga randa. Madaktari wakaona ni moyo. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena mwezi wa Februari. Wodini palikuwa na kiti kimoja cha plastiki kando ya kitanda, na wifi yetu akajikuta mahali ambapo hapakuwa na kitambaa, jiko wala mteja. Siku ya kwanza alisimama. Siku ya pili muuguzi akamwambia anaziba njia.

Akaketi.

Mdogo wa marehemu, huyu anayesoma, alipofika jioni hiyo alimkuta mgonjwa amefumba macho, mke amejiinamia anamenya chungwa. Alipoinama kumjulia hali, mgonjwa akafungua jicho moja. "Usimshtue," alinong'ona. "Anakunja mguu wa kushoto, anaukalia. Ulijua?" Mdogo mtu hakujua. "Na anaegemea kulia. Mkono wa kiti wa kushoto unamzuia goti." Alikuwa na furaha ya mtoto aliyeona panya akiingia mvunguni. Siku zilizofuata alijifanya amelala kuliko alivyolala, akitazama. Mwishowe akatoa hukumu yake mwenyewe. "Viti vyote vitatu vilikuwa vibaya. Alifanya vizuri kuviuza."

Msasa aliitwa, akapewa vipimo kwa kunong'onezwa. Kimo kiwe kifupi, kwa sababu ana miguu mifupi na hataki kuambiwa. Kina kiwe kidogo. Mahali pa kukalia pawe papana, mguu ukunjike. Mkono mmoja tu, wa kulia. Msasa akasema kiti cha mkono mmoja watu watakicheka. Marehemu akamjibu, "Waache wacheke wakiwa wamesimama." Kiti kilikwisha Jumatatu, kikafunikwa shuka kule dukani. Marehemu alipanga kurudi nyumbani na kumwona mkewe akikikalia. Hilo tu ndilo alilokuwa akilitaka.

Hakurudi. Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, alasiri, pumzi ilibadilika. Mkewe alitaka kuinuka amwite muuguzi, naye akamshika kiganja akamwambia, "Usiinuke." Mgonjwa wa kitanda cha pili ndiye aliyeita. Wifi alibaki ameketi, mguu wa kushoto ameukunja, mpaka mwisho.

Tangu saa ile hajaketi tena. Mlimwona. Amepokea wageni amesimama, amegawa chai amesimama, amelia amesimama. Jana mwombolezaji mmoja aliinua shuka kule dukani, akakisifu kiti, akauliza bei bila kufikiri. Wifi alifungua kinywa, na mazoea ni mazoea, tukadhani ataitaja. Akakifunika kiti taratibu. "Hiki hakiuzwi," akasema.

Marehemu aliacha agizo moja kwa mdogo wake, kwamba wasifu wake usimalizwe huku mke wake amesimama. Ndiyo maana kwenye karatasi mlizoshika pana nafasi nyeupe hapa chini. Si kosa la mchapaji. Msasa amekileta kiti, kipo mbele, kulia kwa jeneza. Wifi, wageni wote wamepata viti. Chai ina watu wake. Jikoni hakuna kinachoungua, tumetuma mtu akaangalia. Kunja mguu wako utakavyo. Keti kwanza. Tunakungoja.

 

 

 

Marehemu ameacha mke, ambaye sasa ameketi. Ameacha binti mmoja na mwana mmoja, mkwe mmoja, wajukuu watatu wanaokaa juu ya kila kitu isipokuwa viti, ndugu wawili akiwemo huyu anayesoma, na Msasa, ambaye ni ndugu bila karatasi. Ameacha pia viti vingi sana katika nyumba zenu. Vitunzeni, na vikilegea msiseme ni vibovu, semeni mmevikalia.

Haya, kaka. Huyo hapo. Mtazame mpaka utosheke, kisha upumzike kwa amani.