Vigelegele Kabla ya Wakati

Mheshimiwa Ustadhi Sqalli, mwenyekiti wa jopo, waheshimiwa walimu, ndugu wageni waalikwa, nanyi jirani zangu wa tanurini, tunaooka pamoja mtaani, mlioacha mikate motoni mkaja: assalaam aleikum.

Nimeandika mwenyewe. Herufi zimepinda, mnivumilie.

Binti yangu Ilham kasoma miaka sita habari za wahusika wa hadithi. Nikamuuliza, "Miaka yote hiyo, jambo lenyewe nini?" Akasema, "Mama, ni kumpima mhusika na sisi tunaomsikiliza. Yupo anayetuzidi, kama jini au shujaa. Yupo wa sawa nasi. Na yupo wa chini yetu, tunayemcheka." Nikamwambia, "Hayo tu? Si ungeniuliza mimi!"

Kumbe kaniuliza kimyakimya. Kaitia katika kitabu chake cha shahada hadithi yangu ya tanurini, ya mwanamke aliyesahau kupiga alama ya nyumba yake kwenye mikate ili aitambue ikiiva, akangoja kila mtu achukue yake, akaenda nyumbani na iliyoungua.

Asubuhi ya leo, mbele ya jopo, Ustadhi akasema, "Huyu mjinga tu, wa chini kabisa. Kwa nini apewe sura nzima? Ifutwe." Ilham akainamia karatasi zake. Nikajisemea: mkate wangu ndio utakaomwangusha mwanangu? Walimu nao wakafunga vitabu vyao. Mimi nikadhani wamemaliza, wamempitisha. Nikapiga vigelegele!

Ukumbi mzima ukageuka. Ilham akajifunika uso. Ustadhi akaniita kwa heshima, "Lalla, bado hatujampitisha."

"Basi nisamehe, mwalimu. Na mimi nimesahau alama."

Mkacheka, nami nikacheka. Nikamuuliza Ustadhi, "Unanicheka kwa kuwa niko chini yako?"

Akavua miwani. "Hapana, Lalla. Siku yangu ya mtihani kama huu, mama yangu alifanya hivihivi."

Hapo ndipo Ilham akafunua uso, akasema: "Ustadhi, hiyo ndiyo sura yangu. Umemcheka, na umemwona mama yako. Wanawake wa tanurini humcheka yule wa mikate hivyohivyo, maana kila mmoja kesho aweza kusahau. Aliye chini kwa msomaji wa mbali, tanurini ni mwenzetu."

Je, sura ilifutwa? Haikufutwa!

Nawashukuru walimu kwa ukali wenu na kwa kicheko chenu. Nawashukuru jirani kwa masikio ya miaka yote. Tende na maziwa vipo, msione haya.

Ila kwanza, Ustadhi, safari hii nauliza: amepita kweli?

Mnamwona anaitikia kwa kichwa? Haya, wanawake wa tanurini, wakati ndio huu. Vigelegele!