Sahihi ya Bek

Basi dogo lilipokuwa likiteremka mlima kuelekea mji mkuu, Bishkek, Bi Anarkul alimwambia kijana aliyevaa tai aliyeketi naye kwamba anafuata kibali cha kujenga chumba cha mkwe wake, maana mwanawe anaoa.

"Mama, sheria imebadilika. Siku hizi mwenyekiti wa kijiji chenu anatia sahihi mwenyewe."

"Mwenyekiti wetu ni Bek. Kamasi zake nimezifuta kwa mkono huu. Sahihi yake hiyo itasimamisha nyumba?"

"Ndiyo mageuzi yenyewe, mama. Mambo yaishie hukohuko kwenu."

"Kasema nani?"

"Makao makuu."

"Basi nakwenda kuwauliza haohao."

Kijana akacheka, kisha akainamia viatu vyake. Anarkul kalea watoto, dalili hiyo anaijua.

"Na wewe, mwanangu, unafuata nini?"

"Mimi ni mwenyekiti, kijiji cha bondeni." Sauti ikapungua. "Nakwenda kuuliza kama kweli naruhusiwa kutia sahihi."

Basi likasimama kituoni. Anarkul akamtilia kiganjani donge la jibini kavu, kama alilokuwa akimpa Bek alipolia.

"Tafuna kwanza. Halafu ukifika, umuulizie na Bek."