Bi Hulda wa Nyuma ya Jiwe

WENDELL: Haloo? Nani huyo anapumua tu bila kusema?

ORRIN: Pumzi ya mtu aliyemaliza korido nzima kwa miguu yake. Isikilize vizuri, shemeji, haiuzwi dukani.

WENDELL: Orrin. Leo umewahi. Nilijua utapiga saa kumi kama Jumapili zote.

ORRIN: Saa kumi nina yule binti wa mazoezi. Hujambo lakini? Dada yangu hajakuua?

WENDELL: Bado. Verna yuko bustanini na maharage yake. Nyonga inaendeleaje?

ORRIN: Nyonga ni chuma siku hizi, muulize mhunzi. Hatua mia na ishirini, Wendell. Juzi themanini, leo mia na ishirini. Binti wa mazoezi anajisifu kwa wenzake kwamba ni kazi yake. Sijamwambia ni kazi ya samaki.

WENDELL: Mia na ishirini. Ee. Vizuri.

ORRIN: "Vizuri." Mtu alianguka mtoni mwezi wa nne, akaletwa kwenye hii nyumba ya wagonjwa kwa machela kama gunia la viazi, leo anatembea, unamwambia vizuri. Toka mlango wa nyuma wa kibanda changu mpaka ukingoni ni hatua mia na arobaini. Nimezihesabu miaka thelathini. Na Jumamosi wananiachia siku nzima.

WENDELL: Jumamosi ipi?

ORRIN: Hii inayokuja. Daktari ametia saini. Unakuja kunichukua saa moja asubuhi, unaleta fimbo yangu ya kuvulia, ile fupi, na kile kikopo cha—

WENDELL: Si mapema mno? Verna anasema—

ORRIN: Verna anasema tangu amezaliwa. Nimekuuliza Verna? [simu inakwaruza] Unanisikia?

WENDELL: Nakusikia. Nimetoka nje kidogo, ndani mtandao haushiki.

ORRIN: Haya. Sasa niambie. Yupo?

WENDELL: Nani?

ORRIN: Anauliza nani. Wiki zote nauliza neno hilohilo, leo anauliza nani. Bi Hulda, bwana. Mdomo-mdogo wangu. Samaki pekee katika mto Juniata mzima mwenye jina la mwalimu wako wa darasa la tatu.

WENDELL: Aa. Yupo.

ORRIN: Ulimwona?

WENDELL: Nilimwona. Alhamisi.

ORRIN: Wapi?

WENDELL: Palepale. Nyuma ya jiwe, kwenye ule mstari ambapo maji ya kasi yanagusana na yale yanayozunguka.

ORRIN: Ulimtupia nini?

WENDELL: Chambo cha mpira, yule kamba wa kahawia. Nilimtupa juu kabisa ya jiwe, nikaacha mkondo umshushe. Akatoka, akamtazama, akageuka zake.

ORRIN: Akakutazama na wewe.

WENDELL: Kwa lile jicho jekundu. Kama nimekosea hesabu.

ORRIN: [anacheka] Hiyo ndiyo sababu nilimpa lile jina. Mwalimu alikuvuta sikio mpaka leo la kulia limezidi la kushoto. Na maji yalikuwaje hiyo Alhamisi?

WENDELL: Maangavu. Unahesabu vidole vya miguu.

ORRIN: Maangavu.

WENDELL: Kabisa.

ORRIN: Wendell, hapa sebuleni kuna redio moja na mzee mmoja kiziwi anayeifungua kwa sauti ya kanisa zima. Jumatano mvua ilinyesha usiku kucha kule milimani. Alhamisi mto ulipanda futi saba, ukawa rangi ya kahawa ya maziwa. Sasa huyo samaki ulimwonaje? Ulimwomba anyooshe mkono?

WENDELL: [simu inakwaruza] Haloo? Orrin, mtandao huku—

ORRIN: Usinipige fiksi za mtandao. Nakusikia mpaka unavyomeza mate.

WENDELL: Labda ilikuwa Jumanne.

ORRIN: Jumanne ulimpeleka Verna kwa daktari wa macho. Dada yangu naye ana simu. Umempeleka mtu pale.

WENDELL: Hapana.

ORRIN: Umemwonyesha mtu jiwe langu. Mimi nakaa hapa nala uji, wewe unatembeza watu kwenye jiwe ambalo hata mkwe wangu sijamwonyesha. Ni yule jirani yako Clete, mwenye mtumbwi mwekundu.

WENDELL: Sijamwonyesha mtu, Orrin. Afadhali ningekuwa nimemwonyesha mtu.

ORRIN: Afadhali?

WENDELL: Afadhali.

ORRIN: Basi sema. Nina dakika kumi hivi, nyuma yangu kuna Bi Philena na anasubiri simu kama anasubiri treni.

WENDELL: Unakumbuka ile Jumapili ulipopiga ukasema umechoka? Wiki tatu zilizopita. Ulisema mguu wenyewe ni wa nini, wauchukue tu. Ulisema nisikupigie.

ORRIN: Nilisema hivyo?

WENDELL: Ulisema. Sikulala. Jumatatu asubuhi nikaenda mtoni. Nilitaka nikuletee picha yake. Nikasema akimwona huyu bibi, hata picha, atatoka kitandani kwa hasira tu.

ORRIN: Ukamshika.

WENDELL: Mara ya tatu kutupa. Akaruka, Orrin. Mara mbili nje ya maji. Alipigana nami mkondoni dakika kumi nzima.

ORRIN: Anapenda kuvutia upande wa kushoto, chini ya lile bamba la mwamba.

WENDELL: Huko huko. Nikamtoa. Alikuwa inchi ishirini na moja na ushee. Na lile kovu kwenye taya. Sasa simu yangu ilikuwa ndani ya gari, juu barabarani. Nikamfunga.

ORRIN: Ulimfunga wapi?

WENDELL: Nilikuwa na haraka, Orrin.

ORRIN: Wendell. Ulimfunga wapi?

WENDELL: Nilitaka kumfunga palepale kwenye mkondo. Kamba nilikuwa nayo mkononi. Halafu nikamtazama, nikasema maskini, amechoka, kwa nini apigane na maji tena. Nikampeleka pembeni, kile kidimbwi chenye kivuli. Maji yamelala, hayasogei. Nikaona kama nimemlaza kitandani.

ORRIN: Julai.

WENDELL: Julai.

ORRIN: Maji yana joto la supu.

WENDELL: Nilidhani namhurumia.

ORRIN: Yule ni samaki wa mkondo. Mkondo ndio unaompa pumzi. Ukimtoa humo akiwa ameshapigana—

WENDELL: Najua. Miaka hamsini navua, hilo najua kabla sijajua jina langu. Ningemwona mtu mwingine anafanya vile ningemtukana toka ng'ambo ya pili.

ORRIN: Kwenda kwenye gari na kurudi ni dakika tano.

WENDELL: Nilikutana na Clete njiani. Akauliza hali yako. Tukasimama.

ORRIN: Muda gani?

WENDELL: Nilikuwa nakusifia, Orrin. Namwambia hakuna mtu anayeusoma mto kama wewe. Labda dakika ishirini. Niliporudi alikuwa amelala ubavu.

ORRIN: Ulijaribu?

WENDELL: Nilikata kamba nikaingia naye mpaka kiunoni. Nikamshika kama ulivyonifundisha, mkono mmoja tumboni, mmoja mkiani, kichwa kinatazama mto unakotokea, maji yamwingie. Nikasubiri apige mkia aniponyoke. Nilisimama pale mpaka jua likahamia ng'ambo.

ORRIN: Hakupiga.

WENDELL: Hakupiga.

[mlio wa bakora ikigonga sakafu]

ORRIN: Tulia, Philena, naongea na mtu. Na picha?

WENDELL: Ningeipigaje?

ORRIN: Basi ukamzika.

WENDELL: Nilitaka kumzika.

ORRIN: Wendell.

WENDELL: Verna alinikuta naye jikoni, kwenye beseni. Nilikuwa natafuta koleo.

ORRIN: Usiniambie.

WENDELL: Alidhani nimeleta kitoweo. Akafurahi, anasema mwaka mzima mnawarudisha mtoni, leo angalau mmoja amefika jikoni. Ningemwambia ukweli angekupigia dakika hiyohiyo. Kisu kilikuwa mkononi mwake tayari. Unga wa mahindi, siagi—

ORRIN: Ukala.

WENDELL: Vipande viwili.

ORRIN: Viwili?

WENDELL: Cha pili alinisukumia yeye.

ORRIN: Alikuwaje?

WENDELL: Orrin, tafadhali—

ORRIN: Nauliza. Miaka sita nimemshika mara nne, nimemrudisha mara nne. Mimi ni nani nisijue ladha yake?

WENDELL: Verna alisema ananuka matope.

[sauti, si rahisi kujua ni ya nini]

WENDELL: Orrin? Unacheka au unalia?

ORRIN: Sijui bado. Ngoja kidogo.

WENDELL: Nilikuwa nije nikwambie uso kwa uso. Lakini Jumapili iliyofuata ulipiga, ukauliza yupo? Sauti ilikuwa ndogo, kama unauliza kuhusu mtu wa familia. Ukasema asubuhi ile umesimama, umepiga hatua kumi. Mdomo wangu ukasema yupo. Jumapili ya pili, hamsini. Nikasema yupo, anakula vizuri. Kila nikisema yupo unaongeza hatua. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

ORRIN: Kwa hiyo mimi nimetembea hatua mia na ishirini kumfuata samaki aliye tumboni mwa shemeji yangu.

WENDELL: Nisamehe, kaka. Nitukane. Lakini usirudi kitandani. Hilo tu ndilo ninaloliogopa, kwamba ukikata simu hii utarudi kulala, na safari hii hutaamka, na mimi ndiye nitakuwa nimewaua wote wawili.

ORRIN: Mna makelele nyie leo, wewe huko, Philena huku. Chumbani mwangu kuna vitanda viwili, unajua.

WENDELL: Najua. Wewe na yule mzee Alvah.

ORRIN: Alvah alikuwa na cha dirishani. Amefariki Jumatatu. Kufika Jumatano kuna mtu mwingine, soksi zake zinakauka dirishani kama amezaliwa pale. Pahali pazuri hapakai patupu hata wiki.

WENDELL: Usiongee hivyo, Orrin.

ORRIN: Naongea habari za samaki, wewe. Nyuma ya jiwe lile chakula kinaletwa na mkondo bure, mlangoni. Wiki tatu sasa. Unadhani wenzake wanamfanyia matanga? Umekwenda kuangalia?

WENDELL: Sijakanyaga tangu siku ile. Nikipita darajani natazama upande wa pili.

ORRIN: Basi hujui.

WENDELL: Sijui.

ORRIN: Na mimi sijui. Matope yatakuwa yameshuka kufikia Ijumaa. Ndiyo maana Jumamosi unakuja saa moja.

WENDELL: Utakuja?

ORRIN: Nimekukasirikia, usijidanganye. Nitakukasirikia mpaka baridi iingie, na Verna nitamwambia mwenyewe, mezani, akiwa na pai yake mdomoni. Bibi kama yule sitampata mwingine. Lakini huku ni kwema mno, Wendell. Kivuli kipo. Uji wa moto. Kila mtu anapita kwa vidole asituamshe. Wote wananionea huruma. Umenielewa?

WENDELL: [kimya] Nimekuelewa.

ORRIN: Kile kiti cha magurudumu sikitaki kukiona. Unanishika mkono, unaniingiza mpaka magotini, uso wangu utazame mto unakotokea.

WENDELL: Nikushike mpaka lini?

ORRIN: Nitakuponyoka mwenyewe. Haya, Philena ameshanyanyua bakora, kwaheri, lete na ule mkebe wa—

WENDELL: Mkebe upi? Orrin? Wa ndoana au wa chambo? Haloo?

[mkwaruzo]

PHILENA: Haloo. Simu sasa ni yangu, bwana.

WENDELL: Samahani, mama. Shemeji yangu yuko hapo?

PHILENA: Ameshaondoka. Tena ukimpata mwambie, bakora yake ameisahau hapa ukutani.

WENDELL: Ameiacha? Anakwenda vipi bila bakora?

PHILENA: Anakwenda tu. Polepole, mkono haujagusa ukuta. Anahesabu kwa sauti. Haya kata, baba, namsubiri mwanangu.